Unataka Doberman na nyumbani tayari kuna mbwa? Anza na hao ulionao

Karibu kila wiki napata meseji ya namna hii: "Kaka habari, natafuta Doberman dume, mdogo kabisa, wa ulinzi, hapa nyumbani nina mbwa wengine wawili ila hawana shida." Hapo kwenye "hawana shida" ndo huwa nasimama na kuanza kuuliza maswali, maana mtu anamaanisha hawana shida wao kwa wao, wamezoeana, kila mmoja anajua kona yake ya kulala na nani anatangulia kwenye sufuria. Hawajawahi kumuona wa tatu anaingia getini halafu haondoki.

Mi nafundisha mbwa hapa Dar mwaka wa 11 sasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ni kuingia kwenye nyumba ambazo mbwa wameanza kung'atana. Doberman nampenda sana, nimeishi nae, na ndo maana naandika hii, kwa sababu naona watu wanachagua rangi, wanachagua masikio, wanachagua mzazi aliyeletwa kutoka Ulaya, na hakuna hata mmoja anayeniambia kuhusu yule mbwa koko mzee aliyelala barazani ambaye ndo atakaeishi na huo uamuzi kila siku.

Kwanza umuelewe huyu mbwa katengenezwa kwa ajili ya nini. Ametokea Apolda, mji mdogo wa Ujerumani, kwa mzee mmoja anaitwa Louis Dobermann, mkusanya kodi, na pia alikuwa anakamata mbwa wazururaji wa mji. Inavyosimuliwa, mzee alikuwa anatembea na hela za watu kwahiyo akataka mbwa wa kwenda nae, mwepesi, jasiri, asiyembanduka. Alifariki 1894 na mbwa wakabaki na jina lake. Sasa hiyo "asiyembanduka" ndo kitu cha kukielewa. Doberman hakai kwenye banda akakulinda kwa mbali kama mbwa wa kuchunga ng'ombe, yeye anakuganda kama kupe, ukienda jikoni yupo, ukienda chooni yupo nje ya mlango. Kwenye nyumba yenye mbwa mmoja hiyo raha tupu. Kwenye nyumba yenye mbwa watatu, wewe mwenyewe unageuka kuwa mfupa. Wanaanza kugombania nani akae karibu na mguu wako, na ugomvi mwingi niliouona haukuanzia kwenye chakula, umeanzia pale baba anaporudi kazini.

Jinsia sasa. Hapa sina lugha ya kuzunguka: kama una dume nyumbani, usilete Doberman dume. Najua kuna watu wanao wawili na wanaishi vizuri, nimewaona, wapo, lakini huwezi kujua mapema kama wako watakuwa hao. Uzao huu madume kwa madume wana historia ndefu ya kutovumiliana na wala sio malezi mabaya, ni kitu kinachokuja na utu uzima, na ndo ubaya wake, kinakuja kimechelewa. Mtoto wa miezi minne hana neno na mtu. Wa mwaka bado mchezo mchezo. Halafu kati ya mwaka na nusu mpaka miaka mitatu anakomaa akili, na siku moja yule mzee wa barazani akimkazia macho, kijana hageuzi shingo tena.

Kuna familia ya Goba niliwahi kuwasaidia, nawakumbuka kila nikiulizwa hili swali. Walikuwa na dume koko, mbwa mzuri mno, umri kama miaka sita, wakaleta Doberman dume wa miezi miwili. Niliitwa akiwa na miezi minne kumfundisha kukaa na kutembea na kamba, nikawaona wanacheza, nikasema wataelewana hawa. Nilikosea na nilitakiwa kujua. Alipofika miezi ishirini, jioni moja gari limepiga honi, wote wawili wakakimbilia getini, wakabanana pale kwenye uwazi mdogo kati ya ukuta na tenki, na walivyoachana mzee alikuwa hana nusu ya sikio. Baba mwenye nyumba akaniambia "imetokea ghafla tu." Nikakaa nae nikamuuliza taratibu, mzee alikuwa analala wapi zamani? Barazani. Na miezi hii ya karibuni? Akafikiria, akasema nyuma ya nyumba, kwenye karo. Nani alimhamisha? Kimya. Kumbe kijana alikuwa anasimama kwenye mlango wa baraza, mwili umekaza, hangurumi, habweki, anasimama tu, na mzee anageuka anarudi. Miezi mitatu hivyo. Watu wanasubiri kusikia mngurumo, wakati mbwa hawa wanaongea kwa kusimama.

Wale mbwa hawakurudi kuwa pamoja tena. Mmoja anatoka mchana, mwingine usiku, geti la katikati, mpaka mzee alipokufa. Inawezekana kuishi hivyo ila sio maisha ambayo mtu anayapanga.

Majike wawili je? Watu wanadhani hapo ndo salama. Huwa wanachelewa kugombana, kweli, ila wakigombana mara mbili tatu kwa nguvu kuwapatanisha ni kazi ngumu kuliko madume, mi nimeshindwa mara nyingi kuliko nilivyofanikiwa. Kwahiyo ushauri wangu haujabadilika miaka yote: jinsia tofauti na aliyepo, na angalau mmoja awe amehasiwa. Usipohasi utakuwa na jike kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka na dume ambaye hali wala halali, na kama una madume wawili ndani ya fensi moja kipindi hicho jiandae. Umri wa kuhasi mbwa mkubwa kama huyu zungumza na daktari wa mifugo, usikimbilie akiwa mdogo kabla mifupa haijamaliza kukua.

Kitu kingine ambacho watu wanakiruka ni uzito. Doberman dume aliyekomaa ni kilo 40 mpaka 45, jike 32 mpaka 35. Koko wetu wengi ni kilo 15, 20. Na Doberman anacheza kwa miguu ya mbele na kifua, anagonga, anarukia, kwake huo ni upendo kabisa. Kama una kambwa kadogo ka ndani au mzee mwenye nyonga mbovu, hata bila ugomvi wowote ataumizwa, na mbwa aliyeumizwa mara mbili wakati wa mchezo anaanza kung'ata kabla mchezo haujaanza.

Sasa mtoto au mkubwa? Wengi wanataka mtoto "nimlee mwenyewe". Sawa, ila ukinunua mtoto unanunua kitu usichokijua, na hapa kwetu unaongeza na hofu ya parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, kama chanjo hazijakamilika. Kwa nyumba yenye mbwa wengine mi siku hizi naelekeza watu kwa mbwa wa miaka miwili na nusu kwenda juu. Wapo, watu wanahama nchi, wanahamia ghorofani, wanapata mtoto, wanatafuta mtu wa kumpa mbwa wao. Huyu tabia yake ipo wazi, unaiona. Umuulize mwenye nae: ameshaishi na mbwa mwingine? wa jinsia gani? walikula pamoja? iliwahi kutokea damu? Na uwe na adabu kwenye kuuliza maana ukija na sura ya polisi atakudanganya.

Mi nikienda kumuangalia mbwa siangalii kama ni mkali. Nagonga geti. Atabweka, vizuri, ndo kazi yake. Naangalia baada ya hapo anachukua muda gani kushuka. Mbwa anayebweka, anaona mwenye mbwa ametulia, anapumua, anakuja kuninusa baada ya dakika moja, huyo anaweza kuishi na wenzake. Anayeendelea kuzunguka robo saa nzima macho yametoka, hata kama ni mzuri kama picha, simpeleki kwenye nyumba yenye mbwa watatu, maana huo moto atauhamishia kwa aliye karibu. Kuna kile kitu mbwa wanafanya wakishindwa kumfikia mtu nje ya fensi wanageuka wanang'atana wenyewe, na Doberman mwenye moto mwingi ndo wa kwanza kugeuka.

Na hapa niseme kuhusu ule utaratibu wetu wa kufungia mbwa bandani mchana kutwa na kuwaachia usiku. Kwa Doberman haufai. Mbwa wa kukuganda ukimfungia masaa kumi na mbili unamharibu kichwa, na ile saa kumi na mbili jioni mnapofungua milango yote kwa mpigo ndo saa ya hatari kuliko zote, kila mmoja ana moto, geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anamwaga ugali na dagaa. Kama lazima ufungie basi fungua mmoja mmoja, mpe kila mmoja dakika zake kumi, chakula kila mtu kivyake nyuma ya mlango.

Afya nitagusa zile zinazohusiana na nyumba ya mbwa wengi. Moyo ndo tatizo kubwa la uzao huu, misuli ya moyo inalegea na kutanuka, utafiti wa Ujerumani wa 2010 ulikuta zaidi ya nusu yao wanafikia hapo maishani mwao, na wengine wanaanguka tu bila dalili. Muulize anayeuza kama wazazi wamepimwa moyo kwa altrasaundi na kile kifaa cha kurekodi mapigo masaa 24. Wengi watakuambia hapana, na jibu hilo nalo ni taarifa. La pili ni ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, von Willebrand, upo sana kwa Doberman, na kwenye nyumba yenye mbwa watatu ambapo jino moja kwenye sikio sio habari ya ajabu, utataka kujua mapema, na daktari atataka kujua kabla hajashika kisu cha kuhasi. Kuna kipimo cha vinasaba cha hili.

Doberman weupe msinunue, tafadhali. Wametokana na ukoo mmoja wa Marekani ulioanza na jike aliyezaliwa 1976, wanasumbuliwa na mwanga na ngozi yao haihimili jua, na jua la Dar mnalijua. Mbwa asiyeona vizuri mchana hasomi sura ya mwenzake, na asiyesoma sura anashtuka, na anayeshtuka anang'ata. Kuhusu mkia na masikio ya kukatwa, Ujerumani kwao kabisa walishapiga marufuku, masikio tangu 1987 na mkia 1998. Mi naongeza sababu yangu ya kazini, koko wako anasoma mkia, na huyu mgeni amekuja hana, kwahiyo mpe muda mrefu zaidi wa kumuelewa.

Siku ya kukutana isiwe nyumbani. Tafuta barabara ya vumbi tulivu au kiwanja cha mpira asubuhi na mapema kabla koko wa mtaani hawajaamka, kila mbwa na mtu wake, tembeeni upande mmoja mkiwa mbali mita ishirini, msiwagonganishe pua kwa pua, tembeeni tu mpaka mtaona kamba zimelegea, ndo msogeleane. Nyumbani aingie mgeni kwanza akiwa peke yake anuse, wenyeji waje baadae, wasiwe wamepanga foleni getini kumsubiri. Mifupa na bakuli zote zitolewe. Wiki mbili za kwanza waonane kupitia wavu, na msiwaache peke yao hata kama mnaona wanalambana. Na mwambie aliyekupa mbwa kabla hamjapeana hela kwamba kama ikishindikana ndani ya mwezi anarudi, muandikiane.

Mwaka juzi mama mmoja wa Kigamboni alinipigia, ana jike koko wa miaka tisa, anataka Doberman jike mtoto kwa sababu majike hawana fujo. Nikamwambia mama yangu, huyo bibi wako ndo mwenye nyumba, tumtafutie mtu atakaemuheshimu. Alinisumbua miezi minne, "bado tu?", na nilishamkatalia watatu. Wa nne alikuwa dume wa miaka mitatu, amehasiwa, alikulia na jike la German Shepherd, mwenye mbwa anahamia ghorofani. Tukakutana njiani kule asubuhi. Bibi alimngurumia mara moja, kwa sauti ya chini kabisa, na yule Doberman wa kilo 41 akageuza uso pembeni akaanza kunusa majani. Nikamwambia mama, huyu hapa.

Nilipita kwake tena mwezi uliopita. Bibi bado ana kile kigunia chake mlangoni jikoni, analala hapo amenyoosha mwili wote mpaka njia inaziba. Doberman akitaka kuingia kwa mama anatoka nje, anazunguka nyumba nzima, anapitia mlango wa mbele.