Usukani Ukigonga, Raki Husingiziwa

Mlio wowote unaosikika karibu na magoti ya dereva hupewa jina moja: raki, kile kifaa kinachogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kukata magurudumu. Gari likigonga kwenye tuta ni raki, likilia kwenye kona ni raki. Kipuri cha gharama kubwa kuliko karibu vyote kwenye mfumo wa usukani ndicho kinachotuhumiwa kwanza, na mara nyingi kinabadilishwa halafu kelele inabaki pale pale.

“Sauti inatoka kwenye usukani, basi ubovu uko hapo hapo”

Mhimili wa usukani ni chuma kinachotoka mikononi mwako hadi kwenye raki, na chuma hupitisha sauti vizuri mno. Boljointi, kile kiungo cha mpira wa chuma, ikiwa imekwisha na kugonga huko kwenye gurudumu, wewe unaisikia kana kwamba iko nyuma ya dashibodi. Mjumbe hauawi, lakini huyu wetu anauawa gereji kila siku.

Kumpata mhusika hakuhitaji mashine. Gari lisimame chini kwa magurudumu yake yote, breki ya mkono ivutwe. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, kama anayejaribu kitasa cha mlango uliofungwa. Mwingine aweke vidole juu ya kila kiungo kwa zamu: tairodi (fimbo inayotoka kwenye raki kwenda kwenye gurudumu), boljointi, kisha shafti inayopita karibu na pedali, yaani kipande cha chini cha mhimili. Kiungo kilicholegea hukiri kwenye ncha ya kidole kabla sikio halijakinasa.

Hiyo shafti ya karibu na pedali huwa haitazamwi kabisa. Kwa kuwa mhimili haushuki kwa mstari mmoja ulionyooka hadi kwenye raki, katikati huwekwa krosi, kiungo kinachokunjika huku kikizunguka, aghalabu mbili. Krosi ikilegea, au boliti inayoibana ikilegea, hugonga. Ikikauka na kushika kutu haigongi: usukani unakuwa mzito, unakuwa mwepesi, unakuwa mzito tena, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Niliwahi kupokea gari lililokwisha kubadilishiwa raki na pampu ya oili ya usukani kwa ugonjwa huo huo. Nilipoitoa shafti mkononi, krosi ya chini ilikunjika upande mmoja kama bawaba mpya. Upande wa pili haikukubali mpaka nilipoibana kwenye jiliwa na kuisukuma kwa nguvu. Raki ya zamani ilikuwa nzima. Ilikwisha kutupwa.

“Usukani mwepesi ndio usukani mzima”

Wepesi wakati wa kuegesha ni raha tu, si kipimo cha afya. Kipimo ni je, ukitoka kwenye kona, usukani unarudi wenyewe? Magurudumu ya mbele hugeukia kwenye mstari ulioinama kidogo kuelekea nyuma, na mwinamo huo ndio unaoyarudisha katikati gari likiwa kwenye mwendo. Usukani unaobaki pale ulipouacha una kitu kinachoukamata, au tairi zina upepo mdogo. Na ule mwepesi unaoelea kwenye mwendo kasi, ukikulazimisha kuusahihisha kila baada ya sekunde, una mchezo, yaani ulegevu, kwenye viungo, au alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) imeharibika.

Mkamataji mmoja wa kawaida ni beringi iliyo kwenye maunti, kishikizo cha juu ya shokapu. Ikikwama, springi hujisokota badala ya kuzunguka, kisha inaachia ghafla kwa mlio kama wa waya wa gitaa. Egemeza kiganja ubavuni mwa springi, vidole visiingie katikati ya mizunguko yake, wakati mwenzako anakata usukani taratibu: utahisi ikikusanya nguvu halafu ikiruka.

“Ikilia ukikata hadi mwisho, pampu imekufa”

Kwenye pawa ya oili, yaani usukani unaosaidiwa na shinikizo la oili kutoka kwenye pampu, ukifika mwisho oili haina pa kwenda, hivyo vali ya kupunguza shinikizo inafunguka. Mlio huo ni wa vali ikifanya kazi yake. Kosa ni kuushikilia hapo. Oili inachemka upesi, basi achia kidogo. Pampu inayolalamika hata ukiwa umenyoosha ndiyo ya kushughulikia, na kwanza fungua kifuniko cha kikopo cha oili: ukiona povu, hewa imeingia mahali fulani.

Wapo pia wanaoamini oili hiyo hupungua kwa kutumika. Haitumiki, inazunguka tu ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, inavuja. Na kujazia oili ya breki kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu ni kuharibu mipira ya ndani.

Magari mengi ya sasa hayana oili hiyo kabisa, ingawa bado kuna watu wanaotafuta kikopo chake chini ya boneti. Pawa ya oili ilianza kuuzwa kwenye Chrysler Imperial ya 1951, ya umeme kwenye Suzuki Cervo ya 1988, kwa hiyo si kitu cha jana. Mota ya umeme ikipata joto baada ya kukatakata usukani mahali pamoja hupunguza msaada ili isiungue. Usukani ukiwa mzito kwa muda halafu ukapona baada ya kupoa, ndiyo sababu.

“Ukitetemeka, peleka alaimenti”

Mtetemo unaokuja kwenye kasi fulani na kupotea kwenye nyingine ni wa balansi ya tairi au rimu iliyopinda. Ukija unapokanyaga breki tu, tazama diski. Alaimenti inahusika na gari kuvuta upande na tairi kuliwa vibaya, na hata hiyo haishiki kama tairodi bado zinacheza. Ile tak-tak-tak ya kukata kona huku umekanyaga mafuta, kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ni sivijointi, kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu. Usukani haumo kabisa.

Upo mlio mmoja ambao kweli ni wa usukani wenyewe: mkwaruzo mwepesi, kama karatasi ikisuguliwa, kila unapozungusha. Huo ni utepe wa nyaya uliokunjwa nyuma ya usukani, unaopeleka umeme kwenye honi na mfuko wa hewa. Honi ikikatika na taa ya mfuko wa hewa ikawaka, umekatika. Hapo usichukue bisibisi: betri inatolewa kwanza, na fundi anasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote, kwa sababu mfuko ule hufumuka kwa mlipuko.