Mazoezi ya begi lenye uzito: maana yake, na yanavyomfaa kijana anayejiandaa kwenda JKT

Mazoezi ya begi lenye uzito ni kutembea kwa mwendo wa haraka, kwa muda mrefu, ukiwa na mzigo mgongoni ambao umeupima. Mkulima wa Umalila anayetoa gunia la viazi shambani naye anabeba mzigo mgongoni au begani, lakini anachotaka yeye ni gunia lifike barabarani. Anayefanya mazoezi anataka mwili wake ubadilike, kwa hiyo anajua kilo alizobeba, anajua umbali aliokwenda, na anaviongeza kidogo kidogo. Akirudi nyumbani na begi lile lile alilotoka nalo, kazi imefanyika.

Majeshi yameyatumia mazoezi haya tangu zamani. Vegetius, Mrumi aliyeandika juu ya mafunzo ya askari zaidi ya miaka 1500 iliyopita, alishauri makuruta wabebeshwe mzigo unaokaribia kilo 20 na kutembezwa nao kwa mwendo wa kijeshi. Jeshi la Marekani hadi leo linamtaka askari wa miguu anayewania beji ya ubingwa atembee maili 12, yaani kilomita 19 na kidogo, ndani ya saa 3, akiwa na ratili 35 mgongoni. Ratili 35 ni karibu kilo 16, sawa na frasila moja. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotoka bara hadi pwani na kurudi, mzigo wao wa kawaida ulikaribia frasila mbili kwa kila mtu. Babu zetu waliijua kazi hii vizuri kabla haijaitwa mazoezi.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini swali la namna ya kujiandaa kwenda JKT huibuka kila mwaka vijana wa kidato cha sita wanapokaribia mtihani. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 10, 1963. Mafunzo ya kisheria kwa wahitimu yalisimama mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013, na tangu hapo majina yakitoka vijana wengine hujikuta wamepangiwa kambi ya Mafinga au ya Itende, hapa hapa nyumbani. Anayekwenda kwa mujibu wa sheria hukaa kama miezi mitatu. Anayekwenda kwa kujitolea hukaa miaka miwili. Wote wawili wataamka alfajiri, watakimbia mchakamchaka, watapiga kwata, watasimama muda mrefu wakiwa wima na watashika jembe. Sehemu kubwa ya siku utaimaliza ukiwa juu ya miguu yako. Hapo ndipo begi linaposaidia.

Kijana akisikia neno mazoezi anafikiria pumzi na misuli. Anapiga pushapu, anakimbia asubuhi, na baada ya mwezi anajiona yuko fiti. Kweli pumzi huja upesi, na misuli huifuata. Mifupa na kano ndizo zinazochelewa. Mfupa ukibebeshwa kazi mpya, mwili kwanza hubomoa sehemu ndogo ndogo za zamani na kuziondoa, kisha hujenga upya zilizo imara zaidi. Kubomoa kunatangulia, kujenga kunachukua miezi. Katikati hapo kuna wiki ambazo mfupa uko dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza, na hakuna kinachokuambia, maana pumzi unayo na misuli haiumi tena. Makuruta wengi duniani huumia katika kipindi hicho, wiki za mwanzo za kambi, kwa nyufa ndogo kwenye ugoko au kwenye mifupa ya unyayo. Tafiti nyingi za kijeshi zimeonyesha kuwa wasichana huzipata zaidi kuliko wavulana, hasa wakiwa hawali vya kutosha. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutembea na begi mapema: kile kipindi cha udhaifu kikupitie ukiwa nyumbani, ambako unaweza kupumzika siku mbili bila kumwomba afande ruhusa.

Na ndiyo sababu nasisitiza kutembea. Ukitembea, muda wote mguu mmoja uko chini. Ukikimbia, kila hatua unaruka na kutua, na mguu unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ongeza kilo 15 za mchanga juu ya hapo, halafu kimbia kuteremka kutoka mlima Loleza, uone magoti yatakwambia nini. Vijana wanaofanya hivyo wana moyo, nawapenda kwa moyo huo, lakini wanaweza kufika kambini wakichechemea. Kukimbia kimbia bila begi, siku nyingine.

Uzito wa kuanzia ni sehemu ya kumi ya uzito wako. Mwenye kilo 60 aanze na kilo 6, begi lenyewe likiwa ndani ya hesabu. Umbali wa kilomita 4 unatosha wiki ya kwanza, kila kilomita kwa dakika 11 au 12. Wiki inayofuata ongeza ama umbali au uzito, usiongeze vyote pamoja. Ukiongeza uzito, kilo moja inatosha. Mara mbili kwa wiki, na katikati siku mbili au tatu za kupumzisha mgongo, ambazo ni za kukimbia taratibu na mazoezi ya viungo. Ukifikia kilo 12 kwa kilomita 10 na kesho yake ukatembea kawaida, umeshapata ulichokuwa unakitafuta. Sioni sababu ya kijana asiye askari kuvuka robo ya uzito wa mwili wake. Zaidi ya hapo faida inapungua na majeraha yanaongezeka.

Kuhusu nguvu zinazotumika, mwaka 1977 watafiti wa jeshi la Marekani walitoa kanuni ambayo bado inatumika, na inataja mambo manne: uzito, mwendo, mwinuko na aina ya ardhi. Mawili ya mwisho watu huyasahau, na kwetu ndiyo makubwa. Kilo 8 kwenye tambarare ya Usangu na kilo 8 kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini ni mizigo miwili tofauti kabisa. Ukiwa Mbeya mjini, karibu mita 1700 juu ya usawa wa bahari, mlima wenyewe ni mzigo. Chukua njia yenye mwinuko siku ambayo begi ni jepesi, na siku ya begi zito tafuta njia iliyonyooka. Mafinga wana bahati: barabara za vumbi kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill zina vilima vya wastani na ardhi isiyopiga miguu kama lami. Pembeni ya barabara kuu ya TANZAM usiende alfajiri. Malori ni mengi, ukungu nao haumwonyeshi dereva kijana aliyevaa nguo nyeusi.

Kuteremka kunadanganya kuliko kupanda. Pumzi inatulia, unajiona umepona, kumbe misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya kukuzuia usiporomoke, na ndiyo itakayouma kesho yake. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, usiache mzigo ukusukume.

Kuna utafiti mmoja ambao kila binti wa Rungwe au Makete angepaswa kuusikia. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya vipimo vilivyofanyika Kenya kwa akina mama wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Walionekana kubeba hadi sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia wakitembea mikono mitupu. Wenye mabegi ya mgongoni hawakupata nafuu hiyo. Akina mama wale walikuwa wamezoea kubeba mizigo tangu utotoni, na miili yao ilikuwa imejifunza mwendo. Kwa hiyo binti aliyekua akichota maji na kubeba kuni asiambiwe kwamba yuko nyuma ya kaka yake anayenyanyua vyuma. Katika kazi hii ya kutembea na mzigo ana mtaji wa miaka.

Begi la shule linatosha, mradi mikanda iwe mipana na mishono iwe mizima. Mchanga mtupu haufai: unashuka wote chini, unalivuta begi nyuma, na wewe unainama mbele kama unatafuta sarafu iliyoanguka. Tumia mahindi au mchele kwenye mfuko uliofungwa vizuri, ukaviringishe kwenye blanketi au sweta kuukuu, kisha ulisimamishe furushi lile upande wa mgongoni, usawa wa mabega. Nguo nyepesi zijaze nafasi ya chini na ya nje ili furushi lisicheze. Kaza mikanda mpaka kitako cha begi kikae juu ya kiuno, si juu ya makalio. Kipande cha kitenge kikipita kifuani kuunganisha mikanda miwili, mabega yanapumua. Vidole vikianza kufa ganzi, mkanda unabana mishipa ya fahamu begani. Simama, legeza, panga upya. Usiendelee kwa kujikaza.

Maji nayo ni mzigo mzuri, kwa sababu lita moja ni kilo moja na huhitaji mizani. Dumu la lita 5 na chupa mbili za lita moja na nusu ni kilo 8. Goti likianza kuuma uko mbali na nyumbani, unamwaga, unarudi mwepesi. Kwa wanaotumia nafaka, muuza mchele yeyote wa soko la Mwanjelwa atakupimia begi lako bila shida.

Miguu itazamwe kila siku ya mazoezi. Orodha ya vifaa vya kwenda JKT huwa na raba za michezo na soksi ndefu nyeusi. Nunua mapema, utembee nazo hizo hizo, maana raba mpya kambini ni malengelenge ya wiki nzima. Kata kucha kwa mstari ulionyooka. Ukiona sehemu ya kisigino imekuwa nyekundu na ina joto, bandika plasta hapo hapo kabla haijatunga maji. Maumivu ya misuli yanayotanda mguu mzima na kuisha siku ya pili au ya tatu ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja kwenye ugoko, unapoweza kuweka kidole na kusema ni hapa, na yanayoongezeka ukitembea, hayo yapeleke zahanati na begi uliweke chini.

Sasa kalenda. Mtihani wa kidato cha sita huwa Mei, na wito wa kuripoti kambini hufuata mapema sana. Anayesubiri mpaka karatasi ya mwisho ndipo aanze atakuwa na wiki chache tu, ambazo hazitoshi kwa mfupa. Afadhali aanze Februari au Machi, ingawa ndiyo miezi ya mvua kubwa kwetu na njia ni tope. Mwanafunzi wa bweni anaweza kuanza bila begi kabisa, kwa kutembea haraka dakika 40 uwanjani, akaliongeza begi wakati wa likizo. Akiwa na wiki tatu tu mkononi, ushauri wangu ni asiguse uzito mkubwa: kilo 5 au 6, mara mbili kwa wiki, basi.

Ukifika Juni, Mafinga ni baridi kali, na kwenye baridi mtu hasikii kiu ingawa jasho linatoka ndani ya sweta. Kunywa kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Kula pia: ugali, maharage, dagaa, parachichi ambalo Njombe na Rungwe hatulikosi. Siku saba za mwisho kabla ya kuripoti begi lipumzike, utembee mwepesi na ulale mapema. Na mwenye pumu, tatizo la moyo au jeraha la zamani amwone daktari kabla ya siku hizo, na kambini alitaje kwenye uchunguzi wa afya siku ya kwanza.