Dawa ya meno ni ya meno: sonara ajibu dhana potofu kuhusu kusafisha vito nyumbani

Karibu kila pete iliyopauka inayofika mezani kwangu huja na maelezo yaleyale. Mwenyewe aliisugua kwa dawa ya meno, ikang'aa kweli siku ile, baadaye ikaanza kufifia, akaisugua tena. Nikimwambia kuwa dawa ndiyo iliyoipausha ananitazama kwa mashaka, kwa sababu aliiona iking'aa kwa macho yake mwenyewe. Basi niyaandike mara moja, niwe na mahali pa kumwelekeza atakayefuata.

Dhana: Dawa ya meno husafisha dhahabu kuliko sabuni

Ndani ya dawa ya meno kuna vitu viwili vinavyotuhusu. Kimoja ni sabuni, hiyo inayotoa povu. Kingine ni unga wa kusugulia, kwa kawaida silika au kalisi kabonati, na kazi yake ni kukwangua utando ulioganda kwenye jino. Enameli ya jino ina ugumu wa takribani 5 kwenye kipimo cha Mohs, kile kinachoanzia 1 kwa ulanga na kuishia 10 kwa almasi. Dhahabu na fedha ziko kati ya 2.5 na 3. Dhahabu ya karati 18 imekazwa kidogo na shaba iliyochanganywa ndani yake, lakini bado ni laini kuliko jino. Kwa hiyo unachukua unga uliotengenezwa kukwangua kitu kigumu, unausugulia kitu laini, kisha unashangaa.

Sasa ile siku ya kwanza iling'arishwa na nini? Na sabuni. Pete inayovaliwa kila siku hufunikwa na utando wa mafuta ya ngozi, losheni na mabaki ya sabuni ya kuogea. Utando ukitoka, dhahabu iliyo chini yake inajitokeza na mtu anadhani amegundua siri. Sabuni ya kuoshea vyombo ingefanya kazi hiyohiyo bila kuacha jeraha. Ule unga haukuongeza mng'ao wowote. Ulichora mikwaruzo ambayo siku hiyo macho hayaioni, ila mimi nikiiweka pete chini ya lenzi ya kukuza mara 10 naikuta: mistari myembamba, mingi, yote imelala upande mmoja, upande ule mswaki ulikokuwa ukienda na kurudi. Uso wa dhahabu iliyopigwa polishi hung'aa kwa sababu umenyooka na unarudisha mwanga kwa pamoja. Ukijaa mistari, mwanga unatawanyika na pete inapata ukungu. Mwenye pete akiuona ukungu anadhani ni uchafu umerudi, naye anarudi kwenye mswaki. Hapo ndipo ninapochoka.

Kwenye pete yenye jiwe kuna hasara ya ziada. Almasi yenyewe haikwaruzwi na dawa ya meno, hilo nakubali. Lakini kucha zinazoishika ni za dhahabu, na zinasagika kidogo kila mara. Tena dawa hupenya nyuma ya jiwe, mahali ambapo kidole hakifiki, inakaukia huko na kugeuka gamba jeupe. Almasi humetameta kwa mwanga unaoingia juu, ukagonga pande za chini na kurudi machoni. Ukiziba huko chini, jiwe linakufa, hata kama sehemu ya juu ni safi kabisa. Nimeligeuza jiwe la namna hiyo mbele ya mwenyewe, nikalitoa gamba kwa kijiti cha mbao, likaanguka mezani vipande vipande likiwa bado linanukia mnanaa.

Mtu huniambia: basi si utaipiga polishi, mikwaruzo iondoke? Itaondoka. Ila kupiga polishi ni kuondoa dhahabu mpaka nifikie kina cha mkwaruzo. Pete nene inavumilia. Pete nyembamba, yenye nakshi au muhuri wa karati uliokwisha kufifia, haivumilii mara nyingi. Ukiniletea kila mwaka kwa sababu ya dawa ya meno, unanilipa nikupunguzie pete yako.

Magadi ya kusugulia, chumvi, majivu na unga wa kung'arishia masufuria, vyote viweke fungu hilohilo. Na kama kitu chako ni cha kuchovya, yaani metali nyingine iliyofunikwa kwa dhahabu juu tu, polishi yangu haitakusaidia, maana hakuna dhahabu ya kufukua. Safu ya dhahabu kwenye vitu vingi vya kuchovya haifiki mikroni 1, na hata fedha iliyochovywa dhahabu vizuri huwa na safu ya mikroni 2.5 hivi. Unywele wa binadamu una mikroni 70 au karibu na hapo. Piga hesabu mswaki utapita mara ngapi kabla ya kufika upande wa pili.

Ninachotaka ufanye ni hiki. Bakuli la maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pete ilowe kwa dakika 15 hadi 20. Chukua mswaki laini wa mtoto, mpya, usiowahi kugusa dawa ya meno, maana chembe hubaki kwenye nywele zake. Sugua polepole, na usugue zaidi nyuma ya jiwe kuliko mbele. Suuza kwenye bakuli la pili. Nasema bakuli, si bomba juu ya sinki lenye tundu wazi. Pete na hereni zilizotumbukia humo hazihesabiki. Kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Kabla hujaivaa, itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza, jiwe limelegea: usiivae, ipeleke kwa fundi.

Usikate tamaa almasi ikififia tena baada ya siku chache. Almasi hupenda mafuta kuliko mawe mengi. Migodini, kwa miongo mingi, walizitenganisha na kokoto kwa kuzipitisha pamoja na maji juu ya meza zilizopakwa grisi: almasi zilinata, kokoto zikasombwa. Losheni yako inafanya kazi ileile kidoleni. Paka losheni kwanza, subiri ikauke, ndipo uvae pete.

Dhana: Dhahabu halisi haidhuriki na kitu

Hii ni ya pili kwa kuniudhi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Dhahabu safi ya karati 24 haipati kutu, wala sabuni na jasho haviiwezi. Lakini pete nyingi hazitengenezwi kwa dhahabu safi, maana ingepinda mapema mno. Karati 18 ni asilimia 75 ya dhahabu, karati 14 ni 58.5, karati 9 ni 37.5 tu. Kilichobaki ni shaba, fedha, zinki, na kwenye dhahabu nyeupe mara nyingi nikeli au paladiamu. Hao wenzake wanadhurika.

Adui mkubwa ni klorini, ile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na kwenye maji ya mabwawa ya kuogelea. Haishambulii pete nzima kwa usawa. Inaingia palipokunjwa, palipolehemiwa, palipo na mkazo, yaani hasa kwenye kucha zilizobanwa juu ya jiwe. Dhahabu nyeupe yenye nikeli ndiyo inayoathirika zaidi. Ubaya wake ni kwamba hakuna dalili: kucha haipungui polepole ukaona, inapata ufa na siku moja inavunjika, nawe unagundua kwa kuona tundu mahali palipokuwa na jiwe. Watu husema jiwe "lilianguka tu." Halikuanguka tu. Uliza walikuwa wakifulia nini nguo nyeupe, au wanaogelea wapi. Bwawa la maji ya moto ni baya kuliko la baridi, kwani joto huongeza kasi ya kazi hiyo. Na kuloweka pete kwenye dawa ya klorini ili "iue vijidudu" ni jambo ambalo sitaki hata kulijadili.

"Nimeuziwa bandia"

Hili huja kwa sura tatu, na zote nazimaliza haraka.

Dhahabu nyeupe imeanza kuwa na umanjano: si bandia. Nyingi huchovywa rodiamu, metali nyeupe inayong'aa, ili iwe nyeupe pepe, na rodiamu inalika, hasa chini ya kidole. Inachovywa upya. Kwa anayeivaa kila siku, mwaka mmoja au miwili ni kawaida.

Fedha imekuwa nyeusi: si bandia, tena inaelekea ni halisi. Fedha ya 925 ina asilimia 92.5 ya fedha, na weusi huo ni salfaidi ya fedha, inayotokana na salfa iliyo hewani, kwenye sufu, kwenye mpira na kwenye mayai. Ile njia ya karatasi ya aluminiamu na magadi kwenye maji ya moto inafanya kazi kweli. Aluminiamu huichukua salfa na fedha inabaki. Magadi yakiwa yameyeyuka hayakwaruzi. Ila usiitumie kwenye fedha yenye mawe, wala yenye nakshi zilizotiwa weusi makusudi, maana utaosha kazi ya fundi pamoja na uchafu. Kitambaa cha kung'arishia fedha kinatosha kwa siku za kawaida, na mfuko uliofungwa vizuri huzuia weusi kurudi upesi.

Dhahabu imeacha alama nyeusi kwenye ngozi: angalia poda na krimu zako kwanza. Baadhi zina chembe ngumu, kama za zinki oksaidi, zinazosaga dhahabu kuwa vumbi, na vumbi la metali huonekana jeusi.

Dhana: Kinachofaa almasi kinafaa mawe yote

Mashine ndogo ya kuoshea kwa mtetemo wa mawimbi ya sauti sasa iko majumbani, na watu hutumbukiza humo chochote kilichomo sandukuni. Kwa pete ya almasi isiyojazwa nyufa, yenye kucha imara, sawa. Zumaridi, hapana kabisa. Zumaridi nyingi zina nyufa za asili zilizojazwa mafuta au utomvu ili zisionekane. Mtetemo na maji ya moto huutoa ujazo huo, na unalitoa jiwe likiwa na mistari ambayo hukuwahi kuiona. Jiwe halikuharibika siku hiyo, limevuliwa nguo. Tanzanaiti hupasuka kirahisi kwa mtetemo au kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Opali ina maji ndani yake na haitaki joto. Feruzi ina vitundu vinavyofyonza mafuta na sabuni, ikabadilika rangi.

Kuchemsha pete kwenye sufuria? Usichemshe.

Siki na ndimu ni vya mezani. Lulu na marijani kwa sehemu kubwa ni kalisi kabonati, na asidi huila. Lulu inafutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo baada ya kuvaliwa, basi. Mkufu wa lulu haulowekwi, kwani uzi unanyonya maji na kuoza taratibu kuanzia ndani ya matundu. Manukato kwanza, lulu mwisho; ukirudi, lulu ndiyo ya kwanza kuvuliwa.

Dhana: Cheni ya kuchomelewa mkononi haihitaji kutunzwa, na haitoki

Hizi bangili za kudumu zisizo na kifungo, zinazochomelewa palepale mkononi, zimeleta maswali mapya. La kwanza ni kama zinaunguza. Cheche ya kuchomelea hudumu sehemu ndogo ya sekunde, na fundi anayejua kazi huweka kipande cha ngozi kati ya cheni na mkono.

La pili ni imani kwamba kwa kuwa haivuliwi, haina haja ya kusafishwa. Ni kinyume chake. Cheni hiyo inalala nawe, inaoga nawe, na kila losheni inayopita mkononi inabaki ndani ya vipingili vyake. Ioshe ikiwa mkononi: maji ya uvuguvugu, sabuni ileile, mswaki uleule laini, ukiizungusha kipande kwa kipande, kisha ikaushe pamoja na ngozi iliyo chini yake, maana unyevu uliobaki ndio unaoleta vipele vinavyosingiziwa dhahabu. Kama unaogelea kwenye klorini kila wiki, ningekushauri usichomelewe kabisa, angalau si kwa karati 9 au 14. Cheni ni nyembamba na huwezi kuivua.

Na inatoka. Mkasi mkali au koleo dogo linatosha, kwa hiyo asikutishe mtu. Kabla ya upasuaji iondoe, kwa sababu mkono unaweza kuvimba na vifaa vya umeme vya chumba cha upasuaji vinaweza kuunguza ngozi iliyo chini ya metali. Kabla ya kipimo cha MRI vilevile: dhahabu na fedha hazivutwi na sumaku, lakini cheni iliyofunga duara inaweza kupitisha umeme ikapata joto. Usisubiri ikatwe ovyo siku yenyewe. Ikate mapema kwenye kipete kidogo cha kuungia, si katikati ya cheni, na utie vyote kwenye bahasha, pamoja na hicho kipete kilichokatwa. Kuichomelea tena kwa kipete kipya ni kazi ya dakika chache.