Kompoziti si dabo eksposha

Kompoziti ni picha moja iliyoundwa kwa vipande vya picha mbili au zaidi, vikaunganishwa hadi mtazamaji aone mahali pamoja, chini ya mwanga mmoja. Maana yake ndiyo hiyo. Kinachonisumbua ni kusikia wanafunzi wa upigaji picha wakiambiwa, tena na watu wanaowafundisha, kwamba kompoziti na dabo eksposha ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na anayeamini hivyo huharibu kazi zote mbili.

Tofauti iko kwenye mwanga. Katika dabo eksposha, fremu moja inapigwa mara mbili, na mwanga wa mara ya pili unajumlishwa juu ya ule wa kwanza. Hakuna kinachofutwa. Palipokwisha kuwa peupe kabisa hapapokei kitu tena. Peusi ndipo penye nafasi. Msimamishe mtu mbele ya anga jeupe, mpige atokee mweusi tii, kisha kwenye fremu ileile piga matawi ya mti. Majani yataonekana ndani ya kichwa na mabega yake tu, na anga litabaki jeupe, ingawa hakuna aliyekata chochote. Ikiwa picha zote mbili zina mwanga wa kawaida, kila moja hupewa takriban nusu ya mwanga wake, la sivyo fremu inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu.

Kompoziti haijumlishi. Kipande kinachukua nafasi ya kilichokuwa chini yake na kukiziba. Kwenye kompyuta kila picha huwekwa kama leya, yaani tabaka moja juu ya jingine, na kazi ya kuziba hufanywa na maski, picha ya nyeusi na nyeupe inayofungwa kwenye leya: penye nyeupe leya inaonekana, penye nyeusi inafichika, penye kijivu inaonekana kidogo. Kijivu hicho ndicho kinachookoa nywele, maana ukingo wa nywele ukikatwa kwa mstari mkali, mtu anaonekana amebandikwa.

Wala maski haikuletwa na kompyuta. Kolodioni, dawa iliyopakwa kwenye vioo na wapiga picha wa miaka ya 1850, ilishika sana mwanga wa buluu, hivyo ukiipa bahari muda wa kutosha, anga linaungua na mawingu yanapotea. Mfaransa Gustave Le Gray, katika baadhi ya picha zake za bahari za 1856 na 1857, alitumia negatifu mbili (picha zenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, za kuchapia), moja ya anga na nyingine ya maji, akazichapa kwenye karatasi moja zikutane kwenye upeo wa macho. Sehemu moja ya karatasi ilizibwa wakati nyingine ikipata mwanga. Kazi ni ileile ya maski. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alionyesha mjini Manchester picha iliyounganishwa kwa negatifu zaidi ya 30, na mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akamchapa msichana aliye kufani, jamaa zake wamemzunguka, kwa negatifu 5. Hawa walikuwa mafundi wa kompoziti kabla hata ya balbu ya umeme kuingia majumbani.

Sasa mtazame mwanafunzi aliyefundishwa kwamba yote ni mamoja. Anataka mtu aliyempiga studio aonekane amesimama chumbani. Anaweka leya juu ya leya, anapunguza uzito wa ile ya juu, anapata mzimu: ukuta unaonekana kupitia kifua. Kisha anauliza abonyeze wapi ili irekebike. Alichofanya ni kuchanganya, wakati alihitaji kuziba.

Na hata akiziba vizuri, huenda kazi ilishaharibika siku ya kupiga. Kamera ya chumbani ilikuwa usawa wa kiuno, ya studio usawa wa macho, kwa hiyo miguu ya mtu haikai sakafuni. Dirisha liko kushoto, taa ilimpiga kutoka kulia. Chini ya viatu hakuna kivuli. Maski haiwezi kuyatibu hayo. Mambo haya hupangwa kabla ya kupiga, kwa kuangalia kwanza picha ya mahali na kuifuata.

Basi, programu uliyotumia haibadilishi jina la picha. Leya mbili za kompyuta zilizojumlishiwa mwanga zinaweza kuitwa dabo eksposha bila kosa. Lakini negatifu mbili zilizogawana karatasi, kila moja na sehemu yake, tafadhali tuziite kompoziti.