Usawa wa maji ya ziwa: kwa nini "mita 13" si kina

Mei 2020, maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yakaipita kwa sentimita moja tu rekodi ya Mei 1964. Hapa Dar es Salaam nimewasikia watu wenye ndugu Mwanza na Musoma wakiamini kwamba ziwa lile lina kina cha mita 13. Siwalaumu. Katika mazungumzo yetu neno "kina" limebebeshwa mambo mawili, na hata taarifa za habari husema "kina cha ziwa kimeongezeka".

Kina ni umbali kutoka uso wa maji hadi chini kwenye tope. Kwa Ziwa Victoria wastani wake ni kama mita 40. Usawa wa maji ni kitu kingine: ni pale uso wa maji ulipofikia, ukipimwa kutoka alama isiyohama. Sifuri ya kipimo cha Jinja iko karibu mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Ongeza zile 13.42, unapata mita 1,136 na ushee, na huo ndio mwinuko wa uso wa ziwa siku ile.

Anayesubiri pantoni ya Kigamboni pale Feri anaiona dhana hii kwa macho. Nguzo ya gati imesimama palepale, maji ndiyo yanayopanda na kushuka juu yake. Ichore nguzo hiyo alama za sentimita, tayari una kipimo. Tofauti ni kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu, zile siku za maji makubwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupishana kwa zaidi ya mita 3. Ziwa huchukua miezi, na likipanda nusu mita kwa msimu mmoja, kuna nyumba za watu ndani ya maji.

Usidharau sentimita moja. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo sentimita moja ni takribani mita za ujazo milioni 688. Ndiyo maana namba iliyosomwa mara moja haitoshi: upepo huyasukuma maji upande mmoja, ufuko huu ukaonyesha yamepanda na ule yameshuka. Wataalamu huchukua wastani wa siku nyingi. Tangu 1992 wanasaidiwa pia na setilaiti, kuanzia TOPEX/Poseidon, inayotuma mawimbi ya rada na kupima muda yanaotumia kugonga maji na kurudi.

Kinacholipandisha ziwa ni mvua, hasa ile inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, ambayo ni karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia. Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine huleta kilichobaki. Mengi ya maji hayo huondoka kama mvuke, na mengine kwa Mto Nile, mlango pekee, ambao tangu 1954 una bwawa pale Jinja. Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka vibaya, kwa sababu ya ukame na pia kwa kuwa bwawani yalifunguliwa maji kupita kiwango kilichokubaliwa. Kwangu mimi hilo ndilo fundisho zito kuliko yote kuhusu vipimo hivi: bila rekodi ndefu za Jinja, ukame peke yake ungebebeshwa lawama zote.

Na mvua zile kubwa huanzia wapi? Mara nyingi ni huku kwetu. Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huzidi kipimo hadi kanda ya ziwa. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, ziwa likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Ikawa hivyo tena mwishoni mwa 2019.