Mfupa umeunga mbona mkono haunyanyuki? Neva inatembea milimita moja kwa siku

Hili swali tunaulizwa sana kitengoni kwetu cha fizio, na mara nyingi muulizaji ni kijana wa bodaboda. Kaanguka, mfupa wa mkono kati ya bega na kiwiko umevunjika, kafungwa P.O.P (plasta ngumu), wiki zimepita eksirei inaonyesha mfupa unaunga vizuri tu, ila kiganja kinaning'inia kama jani la mgomba lililokatika, hakinyanyuki wala vidole havinyooki. Anaanza kuhisi labda daktari kakosea kufunga.

Kwanza tuelewane kwenye neno maana hapa ndo tunapoteana. Kiswahili chetu kimelibebesha neno mshipa mizigo mingi mno, mzee wa pwani ukimwambia mshipa anafikiria busha, mwingine anafikiria damu, na mchuaji wa mtaani atakwambia mshipa umehama ngoja niurudishe. Hauhami jamani. Mimi naongelea mshipa wa fahamu, yaani neva, ule unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo mpaka kwenye misuli na kurudisha habari za joto, maumivu na mguso. Sasa neva inayonyanyua kiganja, inaitwa radiali, inapita nyuma ya ule mfupa wa juu ikiwa imeulalia kabisa, kwahiyo mfupa ukivunjika katikati na neva nayo inavutwa au inapondwa.

Ndani ya neva kuna nyuzi nyembamba sana, na kila uzi ni mkia wa seli moja ambayo yenyewe inakaa huko kwenye uti wa mgongo au jirani yake, fikiria seli ipo mgongoni halafu mkia wake unafika kwenye kidole. Uzi ukikatika kile kipande kilichotengana na seli kinakufa, hili alilionyesha Augustus Waller mwaka 1850 kwa kukata neva za ulimi wa chura. Ila lile bomba lililokuwa limebeba uzi mara nyingi linabaki, seli zinazoitwa Schwann zinafagia mabaki zikisaidiana na seli za ulinzi, halafu zinajipanga mstari kumwongoza uzi mpya unaochipua kutoka juu. Huo uzi mpya unakua kama milimita 1 kwa siku, sentimita 3 hivi kwa mwezi. Pima mwenyewe kwa rula kutoka pale palipovunjika mpaka msuli wa kwanza karibu na kiwiko uone ni miezi mingapi, na bado hujafika kwenye misuli ya kunyoosha kidole gumba na cha shahada, ambayo huwa ya mwisho kuamka.

Ndo maana mtu anakata tamaa mwezi wa pili anaacha kuja. Anajilinganisha na yule rafiki yake aliyechanika msuli wa paja akicheza mpira akapona ndani ya wiki chache, lakini ile ni hesabu nyingine, msuli una seli zake za akiba zilizolala pembeni ya nyuzi zake, Alexander Mauro alizielezea mwaka 1961, ukiumia zinaamka zinaziba pengo. Shida ya msuli ni kukosa neva. Usipopata amri unakonda, na ukikaa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hivi bila neva nafasi yake inachukuliwa na mafuta na makovu, neva ikija kufika baadae inakuta nyumba imeshabomoka.

Kwahiyo kazi yetu miezi hiyo ni kuutunza mkono ukimsubiri mgeni. Tunampa mgonjwa splinti, kifaa cha kuvaa kinachonyanyua kifundo cha mkono, na huwa napenda hapa kumwambia mgonjwa anishike mkono kwa nguvu, anashindwa, halafu namnyanyulia kifundo namwambia shika tena, anaminya mpaka naumia na yeye anabaki anacheka, maana neva za kukunja vidole zilikuwa nzima muda wote. Nyumbani atumie mkono mzima kuunyanyua ule uliolegea na kunyoosha vidole mara kadhaa kwa siku ili viungo visikakamae. Na maji ya moto hapana! Mgongo wa kiganja upande wa gumba una ganzi, tumeshaona watu wameungua malengelenge bila kuhisi kitu.

Kitu kingine, ukianza kuhisi kama sisimizi wanatembea usikimbilie kusema umelogwa. Mwaka 1915, katikati ya vita kuu, Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, waliandika kwamba ukigonga juu ya neva iliyoumia, pale nyuzi changa zilipofika mgonjwa anasikia shoti. Ile sehemu ya shoti ikishuka kila mwezi ni habari njema.

Wengi ambao jeraha halikuwa wazi wanapona bila kisu. Lakini kama ulikatwa na panga au kioo na hapo hapo vidole vikafa ganzi, usisubiri, neva iliyokatika inatakiwa kushonwa mapema. Na kama miezi mitatu minne imepita hakuna msuli hata mmoja uliocheza, omba rufaa ukapimwe umeme wa neva na misuli, wapo madaktari wa kazi hizo, mfano MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Chakula je? Hakuna dawa ya kuiharakisha neva ipite mwendo wake, ila kuna vitu vinaichelewesha au kuiharibu, sukari isiyodhibitiwa, pombe kali, sigara, na upungufu wa B12 ambayo ipo kwenye nyama, dagaa, mayai na maziwa. Wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi waulize kuhusu kupimwa hiyo B12, na wa dozi ya TB wasiache kile kidonge cha B6 wakipewa, kinalinda neva.

Mkija kliniki njooni na eksirei ya kwanza kabisa, na muwe mmeweka alama ya kalamu pale mwisho ambapo ukigonga unasikia shoti mwezi huu, tuipime pamoja na ya mwezi uliopita.