Likizo ya Juni: wazazi mliotengana, kubalianeni kabla shule hazijafungwa

Shule zikikaribia kufungwa mwezi Juni, na tena Desemba, malalamiko yanayofika ofisi za ustawi wa jamii hapa Arusha hubadilika. Siku nyingine wazazi waliotengana huja kudai matunzo: ada, chakula, matibabu. Likizo ikifika wanamgombania mtoto mwenyewe: nani amchukue, akae naye siku ngapi, mbona hajarudishwa.

Ugomvi mwingi wa namna hii huzuilika kwa makubaliano ya maandishi yaliyofanywa wiki kadhaa mapema. Karatasi ya daftari inatosha. Andikeni tarehe na saa ya kumchukua mtoto, tarehe ya kumrudisha, mahali pa kukabidhiana, nani atalipa nauli, na simu atakayopatikana kwayo. Sainini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Tarehe ya kurudi ndiyo inayosahaulika zaidi. "Wiki mbili hivi" haitoshi. Mtoto arudi siku tatu nne kabla ya shule kufunguliwa, apumzike na amalize kazi za likizo. Na kama mahakama ilishatoa amri, fuateni amri hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye hifadhi yake halali, yaani haki ya kuishi naye na kumlea.

Jambo linaloniumiza kila likizo ni kauli hii: "Hajatuma hela, kwa hiyo hamwoni mtoto." Upande wa pili nao hujibu: "Sitoi hela, maana mtoto mwenyewe simwoni." Matunzo na kuonana na mtoto ni haki mbili tofauti, na zote ni za mtoto. Asiyetoa matunzo anaitwa kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, akikaidi anapelekwa mahakamani. Kumfungia mtoto ndani likizo nzima hakumletei hata kilo moja ya unga.

Kuna pia hili la miaka 7. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, isipokuwa kukiwa na sababu za kuonyesha vinginevyo. Kina mama wengine wanadhani basi mtoto haruhusiwi kulala kwa baba. Kina baba nao wanasubiri atimize miaka 7 ili wakamchukue, kana kwamba siku hiyo anahama mwenyewe. Wote wamekosea. Kifungu hicho hakimnyimi baba nafasi ya kuwa na mwanawe, wala birthdei ya saba haihamishi hifadhi. Mahakama hutazama kwanza ustawi wa mtoto, na humsikiliza mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni yake. Kwa mtoto mdogo ningeshauri muanze na siku chache, kisha mziongeze akishazoea.

Desemba ina mtihani wake, hasa kwa familia za Kilimanjaro. Baba anafanya kazi Dar es Salaam, mama yuko Arusha, na kila mtu anakwenda nyumbani kwa Krismasi. Baba anamchukua mtoto, anampandisha Machame, Marangu au Rombo, anakaa naye siku mbili tatu, kisha anarudi kazini na kumwacha kwa bibi. Mama akisikia, moto unawaka: "Nilimpa baba yake, sikumpa mama mkwe." Namwelewa. Lakini kwa maoni yangu, mtoto kukaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na bibi na binamu zake, akajua ukoo wake, ni jambo jema. Ubaya ni kufichana. Baba aseme mapema kwamba atakuwepo siku ngapi na nani atabaki na mtoto. Bibi naye aambiwe nani pekee ana ruhusa ya kuja kumchukua, na aombwe kwa heshima asiruhusu mama kusemwa vibaya mbele ya mtoto.

Msimkabidhi mtoto kwa kondakta kwa kuwa Arusha na Moshi ni karibu. Mtu mzima mnayemjua asafiri naye. Juni hapa ni baridi, na baridi huweza kumwamshia maumivu mtoto mwenye selimundu. Dawa, kadi ya kliniki, kadi ya bima na masweta viende pamoja naye.

Akirudi, msimhoji nani analala kule au baba amenunua gari gani. Ila akisema mwenyewe kwamba amepigwa au ameshikwa vibaya, msikilizeni bila kumkatiza na mtoe taarifa polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au mpige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Mkishindwa kuelewana, njooni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu kabla ya siku ya safari, hata kama hamkuwahi kufunga ndoa. Leteni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, makubaliano mliyoandika, na amri ya mahakama kama ipo.